Dawati la Kurudishia

Hull, Januari. Mvua ya huku hainyeshi, inatema mate tu,
na vitabu hurudi vikinuka mbwa, tumbaku, supu.
Kazi yangu ni kuvipokea, kuvifuta, kuvirudisha rafuni.
Kimoja nakijua hata nikiwa nimefumba macho.

Jina lake silitaji. Ni chembamba, jalada la kijivu.
Kina nyumba, kina ghala chini ya sakafu, kina mtoto.
Yatosha.

Bwana Ormerod, dereva mstaafu wa basi,
alikileta kimefungwa uzi wa katani, mafundo manne,
kama mtu aliyefunga mdomo wa gunia lenye nyoka.
"Nilikiweka garejini," akasema. "Kikiwa ndani silali."
Nikamuuliza, ulikimaliza?
Akatazama viatu vyake.
"Mara mbili."

Danuta, mwanafunzi wa uuguzi, alicheka.
Alicheka pale kaunta mpaka kamasi zikamtoka,
kicheko kile cha matangani, kinachomponyoka mtu
jeneza likipita mlangoni.

Bibi Thackray alijaza fomu ya malalamiko, kurasa tatu,
kwa wino, mwandiko ulionyooka kama matuta ya shamba:
kichomwe, mwandishi apimwe akili,
na je, mnacho kingine cha mtu huyu?

Yupo na ambaye sikumwona. Alikitumbukiza usiku
katika tundu la ukutani, kimelowa chapachapa,
ndani yake noti ya pauni kumi na kikaratasi:
Ya hasara. Nilikitupa bafuni. Nisameheni.
Hakusema anamwomba nani msamaha.

Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili ndio wenye kazi.
Pembeni, kwa penseli: Ishia hapa. Nenda kawatazame wanao.
Chini yake, mkono mwingine: Nimeenda. Wamelala. Nimerudi.
Chini zaidi, herufi ndogo kama chawa:
Mtoto yule alikuwa mimi.

Philippa, mkuu wangu, alinipa raba.
"Futa hayo, Mwanakombo. Na chenyewe tukiondoe, au?"
Nikasema nitakisoma kwanza.

Nilikisoma jikoni, koti mwilini, maana hita inakula pesa.
Ya ghalani niliyapita na macho makavu, nikajiona shujaa,
nikamega mkate, nikatafuna.
Kilichonikwama kooni kama mwiba wa samaki
ni sentensi moja fupi, haina hata tone la damu:
jirani alisikia, akaongeza sauti ya redio.

Barabara ya kumi na saba, Tanga. Ukuta wa chokaa.
Upande wa pili, Mwajabu na mumewe.
Upande huu mimi, ungo mapajani, nachambua mchele.
Ngumi ikitua mwilini haina kishindo cha kutisha,
ina mlio wa godoro linalokung'utwa.
Taarifa ya habari ya saa mbili ilikuwa inaanza.
Mkono huu huu.
Kitufe kilikuwa chekundu, kimelegea kidogo.
Nikakizungusha kulia.

Na mchele, nakumbuka, haukuwa na mawe mengi.

Asubuhi nilirudi na raba, sikufuta neno.
Nikachonga penseli. Nikaandika kwa Kiswahili,
kwa kuwa aibu yangu haijajifunza Kiingereza:
Redio ilikuwa yangu.

Philippa nikamwambia kitabu ni kizima, kikae.

Wiki ya tatu kikarudi, hakina uzi, hakijalowa.
Chini ya maneno yangu kuna alama ya kuuliza, moja,
na duara la kikombe cha chai lililokolea,
maana mtu alikaa hapo, akakisahau kikombe,
akiitazama lugha asiyoijua.